Dawa Niliyoisafisha

Juzi mjukuu wangu alishikwa na malaria. Akapewa vidonge, akameza kimoja kwa maji, akarudi kwenye michoro yake kama mtu aliyemeza punje ya karanga. Hakukunja hata uso. Nikachukua kidonge kingine nikakigusisha kwenye ncha ya ulimi. Kitamu. Wamekipaka sukari. Mama yake akanicheka, "Mama naye, siku hizi unaonja dawa za watoto?" Nilikwenda kukaa uani na ule utamu mdomoni, nikalia kilio ambacho siku mama yangu alipokufa sikukilia.

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka kwinini ya maji. Ulikuwa unakwenda zahanati na chupa yako mwenyewe, na ukisahau chupa unarudishwa nyumbani. Dresa, yule mganga msaidizi wa zahanati, anakumiminia kutoka kwenye mtungi mkubwa wa kioo, anakuambia kijiko cha chakula mara tatu kwa siku, basi. Uchungu wake haukuwa wa kupita. Uliingia ulimini asubuhi ukashinda humo mpaka kesho yake; uji mchungu, maji machungu, hata mate yako mwenyewe unayaogopa. Watoto walishikwa na watu wawili na kubanwa pua. Mtu mzima akikutishia kiboko unaweza kujifanya jeuri, lakini akitaja kwinini unakaa kimya.

Tulikuwa tunakaa Temeke, wakati Temeke ni mashamba ya mikorosho na mihogo, na nyumba za udongo zimetawanyika humo kama zilizosahauliwa. Baba na mama walitoka kusini, wakaja pwani baba akitafuta kazi. Mimi nilizaliwa hapo Temeke. Wawili waliozaliwa baada yangu hawakufikisha mwaka, kwa hiyo nilikuwa mtoto wa pekee, na ninasema ukweli kwamba nilidekezwa. Mama alinisuka nywele kila Ijumaa na kuniita mtu mzima mwenzake.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha Mhindi mmoja, kiwanda cha kukamua mafuta ya nazi. Lilikuwa ghala tu la mabati, mbata, nazi zilizokaushwa, zimerundikwa hadi darini, na joto lake lilikuwa linakupiga kofi ukiwa bado mlangoni. Mbata zilikuja na ukungu, mvua zimezipiga njiani, na mafuta yake yalitoka na rangi ya chai ya rangi na harufu ya nguo zilizolowa zikasahauliwa. Mafuta ya namna hiyo hayana mnunuzi. Kazi ya baba ilikuwa kuyatakasa, na watu walimwita Saidi wa Udongo, maana alitakasa mafuta kwa udongo.

Nilikuwa nampelekea chakula cha mchana, na nilikuwa nakaa juu ya gunia kumtazama. Udongo wenyewe ulikuwa mweupe, mkavu, laini kama unga wa muhogo. Ulikuja kwa magunia. Baba aliyapasha mafuta moto kwenye karai kubwa, akatia udongo kwa makombe ya kuchotea, akakoroga kwa mwiko mrefu kama kasia. Kisha akayaacha yatulie. Baadaye aliyachuja kwa kitambaa cha marekani kilichokunjwa mara mbili, na upande wa pili wa kitambaa yalitoka mafuta meupe yasiyo na harufu hata kidogo. Alichovya kidole akanilambisha. Kila mara nilishangaa upya.

Siku moja nilimuuliza, "Baba, uchafu unakwendaga wapi?"

"Umenata kwenye udongo."

"Udongo umeumeza?"

"Haujaumeza. Tambara likinywa maji, hapo ndiyo limemeza, maji yameingia mpaka ndani. Huu haumezi, unashika juu yake tu." Akanichukua mkono, akauchovya kwenye ndoo ya maji, akaupitisha kwenye gunia la udongo. Ukatoka mweupe. "Unaona? Kiganja chako hakijala kitu. Lakini kimeshika."

"Mbona udongo kidogo unashika uchafu mwingi?"

"Kwa sababu umesagwa. Bonge moja lina uso mmoja wa nje. Livunje, kila kipande kina uso wake. Lisage mpaka liwe vumbi, nyuso hazihesabiki, na kila uso una nafasi ya kushika. Na kila nafasi ikishapata mtu wake, basi, udongo umechoka. Hata uubembeleze haushiki tena. Unautupa, unatia mwingine."

Baba hakusoma darasa hata moja. Lakini nimefundisha sayansi miaka mingi, na somo hilo sijapata kulisikia likielezwa vizuri kuliko alivyolieleza yeye, amevaa msuli, jasho linamtoka. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakuniambia, na sidhani kama alipata sababu ya kulifikiria: kwamba udongo haujui uchafu ni nini. Unashika kinachoshikika. Sisi ndio tuliokuwa tukikiita uchafu. Mimi niliondoka pale na akili yangu ya kitoto kwamba kibaya kina rangi na ladha, na kizuri hakina, na ukiwa na udongo mweupe unaweza kukitenga kibaya na kizuri kwenye kitu chochote duniani.

Masika ya mwaka nilipokuwa na miaka minane, mama alikuwa mjamzito, tumbo limeshaonekana, na homa ikamkamata. Ilianza kwa baridi. Alijifunika kanga zote za nyumbani na bado meno yakagongana, kisha joto likaja akazitupa zote, kisha jasho. Baba akampeleka zahanati, nami nikafuata nyuma nimebeba chupa. Dresa wetu alikuwa mtu wa bara, Mkristo, anaitwa Bwana Yonathani, mrefu, mpole, na kaptura yake ya kaki ilipigwa pasi mpaka unaogopa kumkaribia. Alimtazama mama macho, akampapasa tumbo kwa heshima, akamimina dawa.

"Dada, nisikilize vizuri," alisema. "Hii dawa ikikaa tumboni, utapona, wewe na mtoto. Ikitoka, mimi hapa sina nyingine."

Ndiyo hivyo. Hata mimi nililielewa hilo: dawa ikae tumboni. Lakini haikukaa. Mama alikunywa kijiko cha kwanza akatapika kabla hajakirudisha kijiko kwenye sahani. Cha pili vilevile. Alijaribu na ndimu, akajaribu na chumvi, akajaribu kulala chali na kubana pumzi. Mimba ilishamfanya achukie hata harufu ya moto, sembuse kwinini. Usiku ule nilimsikia baba akimwambia kwa sauti iliyokatika, "Sasa unataka kuniulia mtoto," na baadaye kidogo nikamsikia baba akiomba radhi. Sikuwa nimepata kumsikia baba akiomba radhi kabla ya hapo.

Asubuhi baba alikwenda kazini. Chupa ya dawa ilikuwa dirishani, na jua la asubuhi likaipiga. Hapo ndipo nilipouona. Ndani ya yale maji, upande wa juu, kulikuwa na kivuli cha buluu, hafifu sana, kinachocheza ukiigeuza chupa. Maji safi hayana buluu. Nikaitazama chupa muda mrefu, nikasema moyoni: kumbe ni chafu. Ndiyo maana inamtapisha. Hawakuisafisha.

Nyumbani hatukukosa udongo. Baba aliuleta kwenye kopo, mama alikuwa akijipaka kwenye vipele vya joto, maana unakausha jasho. Nikachukua makombe mawili, nikausaga upya juu ya jiwe, maana nilikumbuka mambo ya nyuso. Niliusaga mpaka ukawa hauhisiki katikati ya vidole. Nikamimina dawa yote kwenye bakuli, nikatia udongo, nikakoroga kwa mwiko wa mboga. Nikauacha utulie. Nikachuja kwa kipande cha marekani, nikakikunja mara mbili, sikuruka hatua hata moja. Maji yaliyotoka yalikuwa meupe pe. Nikayainua juani: hakuna buluu. Nikaonja, hakuna kitu. Nilicheza pale uani peke yangu, mikono juu. Udongo wenyewe, uliochoka, nikaumwaga chini ya mpapai.

"Mama, kunywa," nikamwambia.

"Niache kwanza, mwanangu. Sina nguvu ya kutapika."

"Hutatapika. Nimeisafisha, kama baba anavyosafisha mafuta."

Alinitazama. Kisha akanywa, akafumba macho kuusubiri uchungu, na uchungu haukuja. Akafumbua jicho moja. Akacheka. Zilikuwa siku nyingi sikuwa nimemsikia akicheka, na ninyi mliowahi kuona mzazi mgonjwa akicheka mnajua mtoto anavyojisikia. Akanivuta kichwa kifuani kwake, kifua kinawaka moto.

"Una akili kuliko dresa," alisema. "Lakini usimwambie baba yako. Atasema tunachezea dawa."

Nikaapa. Kuanzia siku ile mama akanywa kila kijiko bila tabu, mara tatu kwa siku kama alivyoagizwa, na hakutapika tena. Baba alifurahi hadi akaninunulia kashata. Kwa siku mbili homa ikamwacha, akakaa kizingitini, akanisuka. Sikujua kwamba homa ile ndivyo ilivyo, inaondoka na kurudi kwa zamu. Mimi nilijua nimemponya mama yangu.

Iliporudi, ilirudi kwa hasira. Tulimpeleka zahanati kwa mkokoteni wa jirani. Bwana Yonathani alimtazama kope kwa ndani, akakunja uso.

"Anatapika?"

"Hatapiki kabisa, bwana," alisema baba. "Anakunywa yote. Nashuhudia."

"Masikio yanavuma, dada? Yanapiga kelele kama nyuki?"

"Hayavumi," alisema mama.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Ajabu," alisema dresa. "Anayekunywa kwinini masikio humvuma. Haya, nakuongezea nguvu." Akatia kipimo kikubwa zaidi, akanipa chupa mimi niibebe. Njiani niliiinua juani. Buluu ilikuwa kali kuliko ya mara ya kwanza, nikajua hii ni chafu zaidi. Nilipofika nyumbani nikatia makombe manne.

Hivyo ndivyo nilivyomfanyia mama yangu, chupa baada ya chupa, kwa bidii, kwa mapenzi, na kwa mikono safi. Mchana mmoja mimba ikatoka, mtoto wa kiume, hakulia. Kesho yake kabla ya alasiri mama naye akaondoka. Alikuwa ameshikilia mkono wangu, na nilihisi joto lake likipungua, nikafurahi kwa dakika kadhaa, nikidhani homa imeshuka. Nilikwenda kuwaambia wanawake waliokuwa jikoni kwamba mama amepoa.

Siku ya tatu, baada ya hitima, wanaume walikuwa bado wamekaa mkekani nje. Baba aliingia ndani kutafuta kitu, akaiona chupa dirishani, imebaki robo. Sijui kwa nini aliifungua. Huenda alitaka tu kugusa kitu ambacho mdomo wa mkewe ulikigusa. Akaonja. Nilimwona akisimama vile, chupa mkononi, uso umekuwa wa mtu mwingine. Akatoka nje.

"Onjeni hii," aliwaambia.

Chupa ikapita kutoka mkono hadi mkono, na kila mwanaume alionja. Wa kwanza akasema, "Maji." Wa pili akasema, "Haya maji matupu, Saidi." Mzee mmoja alionja mara mbili, akatikisa kichwa, akasema, "Lisemwalo lipo. Niliambiwa madresa wanauza dawa kwa mlango wa nyuma, nikakataa kuamini."

Mimi nilikuwa kizingitini. Mtaniuliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza swali hilo zaidi yenu. Nilikuwa nimeapa kwa mama, na mama hayupo wa kunifungua kiapo. Hiyo ni sababu moja. Lakini iliyo kubwa ni kwamba niliwaamini. Mafuta yakisafishwa yanabaki mafuta. Kama dawa imesafishwa ikabaki maji, basi toka mwanzo ilikuwa maji, na ule uchungu dresa aliutia kutudanganya. Ndivyo nilivyopiga hesabu yangu, na kwa mtoto wa miaka minane haikuwa hesabu mbaya. Nilimchukia Bwana Yonathani kwa moyo wote. Na nilipata nafuu fulani, ninyi mnaijua, ile ya kuwa na mtu wa kumchukia.

Walikwenda zahanati kundi zima. Wanasema alitoa mtungi wake akawaonjesha wote, na dawa ilikuwa chungu kama shubiri, akawauliza, "Sasa maji mmeyaona wapi?" Wakamjibu kwamba ile chungu anawawekea wakubwa, na watu wa Temeke anawapa maji. Habari ikafika juu. Akaja Mzungu mmoja na kofia yake, akaonja chupa yetu, akaandika. Mwisho wa mwezi Bwana Yonathani akaachishwa kazi.

Kabla hajahama alinikuta kisimani. Nilikuwa peke yangu. Aliegemeza baiskeli yake, akachuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakawa sawa, na ile kaptura ya kaki ikagusa tope.

"Shikamoo," nilisema, maana nilifunzwa adabu hata kwa adui.

"Marahaba, mwanangu. Pole na mama. Nikuulize kitu, hutapigwa. Ile dawa, nani alikuwa anampa mama?"

"Mie."

"Mlikuwa mnaiweka wapi?"

"Dirishani."

Akafikiri. "Kuna kitu ulitia ndani? Chochote. Maji, sukari, mitishamba?"

Nilimtazama usoni. Udongo niliutia, ndiyo, lakini niliutoa wote, nikauchuja kwa marekani, haikubaki hata chembe. Kwenye dawa aliyokunywa mama hakukuwa na kitu nilichokitia mimi.

"Sikutia kitu," nilisema.

Alikaa vilevile kidogo, anatazama mikono yake. Akasimama, akasukuma baiskeli akaenda zake.

Baba hakuoa tena. Alinisomesha kwa ule udongo wake, mpaka nikawa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, msichana aliyesuka nywele zake mwenyewe, mwepesi wa kunyoosha mkono darasani. Siku moja mkufunzi wetu wa sayansi alitia wino kwenye chupa ya maji, akatia mkaa uliosagwa, akatikisa, akachuja kwa karatasi. Maji yakatoka meupe. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilitabasamu, najiona mwenyeji wa jambo hili.

"Wino uko wapi?" aliuliza mkufunzi.

"Umeisha," alijibu mmoja.

"Haujaisha. Wote uko hapa." Akanyanyua karatasi yenye mkaa mweusi, tepetepe. "Mkaa haukuusafisha wino, umeunyang'anya maji. Umenata juu ya kila chembe." Akatuambia vitani askari walivaa mkaa usoni ndani ya vinyago ili ushike hewa ya sumu kabla haijafika mapafuni. Akatuambia sukari inatolewa wekundu kwa mkaa, na mtu aliyekunywa sumu hupewa unga wa mkaa anywe upesi, ushike sumu tumboni kabla haijaingia damuni.

Mwenzangu mmoja akauliza, "Na kama ana dawa tumboni, mwalimu?"

"Utashika dawa vilevile. Mkaa haujui dawa wala sumu."

Nikanyoosha mkono. Nilikuwa bado natabasamu, naikumbuka sura yangu ilivyokuwa. "Na udongo mweupe je, mwalimu? Ule wa kutakasia mafuta?"

"Huo ni hodari zaidi, hasa kwa dawa chungu."

"Hata kwinini?"

"Kwinini ndiyo mfano mzuri kabisa. Tia udongo wa kutosha, koroga, chuja, onja. Utakunywa maji."

Aliendelea na somo. Niliandika kila alichosema, na daftari hilo nilikuwa nalo miaka mingi; mwandiko haukubadilika hata mahali pale. Kengele ilipolia nilikwenda bwenini, nikajilaza nguo zikiwa mwilini, nikaona chini ya mpapai wetu. Dawa ya mama yangu yote ilikuwa pale. Halikukosekana tone, dresa alitia, na akazidisha, na mimi niliimwaga chini ya mpapai kila baada ya siku tatu, na mpapai ule ulizaa sana mwaka huo, tulikula mapapai yake.

Labda angekufa hata hivyo. Watu walikufa na kwinini tumboni, naijua hesabu hiyo, nimejipigia mara nyingi. Hainisaidii kitu.

Sikumwambia mtu. Nilifundisha, nikaolewa, nikazaa, na kila lilipokuja somo lile nilimwomba mwalimu mwenzangu anishikie kipindi, nikisema kichwa kinaniuma. Mambo mengi ya nchi yalibadilika, bendera ikabadilika, na baba akazeeka. Kila mara aliposikia mtu ameibiwa, au amedhulumiwa, alisema, "Kama yule dresa." Alilisema bila hasira, kama watu wanavyotaja hali ya hewa. Siku moja alilisema mbele ya wanangu, na mwanangu mkubwa akauliza, "Dresa gani, babu?" na baba akaanza kumsimulia, na nikaona kwamba chuki ile sasa inarithishwa nyumbani mwangu.

Watoto walipoondoka nilikaa chini mbele yake nikamwambia. Nilimwambia yote, kopo, jiwe, marekani, makombe mawili, makombe manne. Hakunikatiza. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na aliyaelekeza mahali pasipo na mtu.

"Uliusaga?" aliuliza mwisho.

"Niliusaga sana, baba."

Chai yake ilipoa mkononi. "Mie ndiye niliyekufundisha," alisema. Kisha akaweka kikombe chini. "Yupo wapi yule bwana? Nipeleke."

Nilikuwa najua. Nilikuwa najua siku zote, maana mwenye hatia hufuatilia. Baada ya kuachishwa kazi alihamia Kinondoni, hakuna zahanati iliyompokea tena, akawa anashona viatu barazani kwake. Tulipofika tulikuta baraza tupu. Alitoka mwanamke mzee wa bara, mwembamba, akatukaribisha bila kuuliza sisi ni akina nani. Bwana Yonathani alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma.

Baba hakukaa kitini. Alikaa chini, mzee yule, kwenye sakafu ya mtu mwingine, akasema jina lake na akasema ametoka Temeke, na yule mama akajua. Nilisema mimi. Nilieleza kama ninavyoeleza darasani, polepole, udongo ni nini na unashikaje, kwa sababu nilitaka aelewe kwamba mumewe alitia dawa, aelewe mpaka mwisho, asibaki na shaka hata chembe. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilipomaliza, baba akasema, "Mama, sie tumekuja kuomba radhi, ingawa aliyestahili kuombwa hayupo."

Yule mama hakulia, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya kawaida tu.

"Alikuwa ananiambia," alisema. "Mwaka kwa mwaka. Anashona viatu, ananiambia, mke wangu, mie nilitia dawa, nilitia sawasawa, haki ya Mungu sijui yale maji yalitoka wapi. Na mie namwambia, baba, nyamaza, yamepita, Mungu husamehe. Mpaka siku anakata roho aliniambia, na mie nikamwambia, Mungu husamehe." Akainua upande wa kanga akajifunika uso. "Hata mie sikumwamini."